Mtu wa Koti

Baba alipokufa nilifurahi. Naanza hapo ili msomaji asinihurumie mapema, maana nikianza na yale aliyonifanyia nitaonekana mtoto mwema aliyeonewa, na mimi sikuwa mwema. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tukiishi Iyunga, Mbeya, miaka ile mafundi wa Kichina walipokuwa wakijenga reli. Asubuhi walipomtoa chumbani amefungwa shuka nyeupe, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba na zuzu naye amekufa.

Zuzu alikuwa mimi. Baba alikuwa karani wa ramani katika ofisi ya serikali, na nje ya kazi hiyo alichora katuni kwa ajili ya gazeti moja dogo lililochapwa Iringa mara mbili kwa mwezi. Katuni ilikuwa na picha nne mfululizo. Baba aliziita vyumba. Ndani ya vyumba vile aliishi msichana mwenye kichwa kikubwa, miguu myembamba na mdomo ulio wazi saa zote, ambaye kila alichotumwa alikiharibu. Watu walimpenda mno. Wasiojua kusoma walisomewa dukani kwenye foleni ya sukari, wakavunjika mbavu. Na mtaani kwetu kila mtu alijua baba anamtoa wapi, kwa sababu lililonipata mimi wiki hii lilimpata zuzu gazetini wiki mbili baadaye, limetiwa chumvi.

Nitatoa mfano mmoja, unatosha. Nilipokuwa na miaka tisa nilisimamishwa mbele ya kanisa nisome mstari wa Biblia kwa moyo, nikajikojolea. Baba alikuwa amekaa benchi la mbele. Tuliporudi nyumbani hakunichapa wala hakunigombeza. Alivuta kiti, akachonga penseli. Chumba cha kwanza, zuzu anapanda mbele. Cha pili, anafungua mdomo. Cha tatu, dimbwi. Cha nne, mchungaji amekunja suruali hadi magotini anavuka kwenda mimbarini. Mwalimu wetu aliukata ukurasa ule akaubandika ukutani darasani, karibu na ramani ya Afrika. Mpaka namaliza la saba, watoto walikunja kaptula na kuinua sketi kila nilipopita.

Mama alimwomba baba anitoe gazetini. Mama alikuwa mwanamke wa maneno machache. Nyonga yake ya kushoto iliharibika siku aliyonizaa, akawa anachechemea tangu hapo. Kusoma hakujua, ila picha alizisoma kuliko sisi sote.

"Baba wa huyu," alisema, "mtoto atakua na aibu hii mgongoni. Mtoe."

Baba alimjibu bila kuinua macho, "Ni picha tu."

Mwaka uliofuata akaomba tena, na mwingine tena. Jibu lilikuwa hilohilo. Mwisho akaacha kuomba, akawa anayachukua magazeti yote yanayoingia nyumbani na kuwashia moto.

Miezi minane kabla ya kufa, kifua kilimbana baba hadi mkono ukawa unatetemeka. Tangu darasa la tano alikuwa akinitumia kupiga mistari ya vyumba na kujaza weusi, kwa hiyo kazi ilinihamia bila mtu kuuliza. Yeye kitandani alinisimulia, mimi mezani nikachora. Hebu fikiri: nilikuwa najichora mwenyewe nikiwa mjinga, kwa kalamu ya kuchovya ya baba yangu, naye akicheka mpaka anakohoa damu. Lakini nilijifunza. Anza na macho, mdomo uwe wa mwisho. Maneno yasizidi matano. Kichekesho kikae chumba cha nne upande wa kulia, kwa kuwa jicho huishia pale. Jina lake hakuliandika kamwe. Katika kona ya chini alichora ndege mdogo amesimama kwa mguu mmoja, basi, na gazeti zima lilimjua kwa ndege huyo.

Tulimzika kwao, Nyololo. Na kule kwetu mtu mzima hafi akaisha. Siku ya kuanua matanga ukoo hukaa ukamchagua mrithi, akavikwa koti la marehemu mbele ya watu, na kuanzia saa ile yeye ndiye marehemu. Jina ni lake, kiti ni chake, watoto ni wake, na mjane akiridhia ni wake pia. Walimchagua mdogo wake baba, mkulima wa pareto, mgane asiye na mtoto. Baba alikuwa pande la mtu. Baba mdogo alikuwa mfupi, mwembamba, mpole hadi anakera. Lile koti la sufu la rangi ya majivu lilimfika magotini, na mikono yake ikameza vidole vyote. Shangazi alimkalisha kwenye kigoda, nasi tukapita mmoja mmoja kumsalimu.

"Kamwene, baba," walisema wote, watoto kwa wazee.

Zamu yangu ilipofika nilisema, "Kamwene, baba mdogo."

Shangazi alitaka kunipiga kofi, yeye akamzuia kwa mkono ule uliofichwa na koti. "Mwacheni," alisema. "Itakuja tu yenyewe."

Haikuja. Mama aliridhia, naye akahamia kwetu Iyunga na begi moja na lile koti, na kwa mwaka mzima tuliokaa nyumba moja sikumwita baba hata siku moja.

Alipokuwa na wiki chache nyumbani, ikaja barua kutoka Iringa. Mhariri hakumjua baba kwa sura. Alimjua kwa bahasha iliyoletwa na kondakta wa basi, na kwa ndege. Aliandika kwamba picha za akiba zimekwisha, akauliza kama ndugu yetu bado anaumwa. Nilimsomea baba mdogo barua ile. Alifikiri muda mrefu, amekaa kwenye kiti cha baba, miguu haigusi vizuri sakafu.

"Mwandikie kwamba nimepona," alisema.

Nilimtazama nijue kama anatania. Hakuwa anatania. Aliyeandikiwa alikuwa marehemu, na marehemu alikuwa yeye. Kama angejibu kwamba mchoraji amekufa, angekuwa amelikana koti mbele ya mtu wa nje. Basi nikaandika kwamba nimepona, namshukuru Mungu. Ndiyo maana gazeti lile halikutoa hata mstari mmoja wa rambirambi. Kwa wasomaji baba aliugua kidogo, akapata nafuu, akaendelea.

"Utachora wewe," alinipangia, "kwa niaba yangu. Ila huyu ndege nitamchora mwenyewe. Sitaki nikiulizwa kanisani niseme uongo."

Alijifunza ndege kwa wiki tatu juu ya karatasi za kufungia sukari, ulimi nje. Ndege wake alitoka mnene, amekaa kama kuku anayetaka kutaga. Kila baada ya wiki mbili, Jumanne asubuhi, nilimwekea kazi iliyokwisha, akaketi, akachora ndege wake kwa makini, akaitia kwenye bahasha na kuipeleka mwenyewe kituoni.

Mimi nilikuwa na langu moja tu moyoni: zuzu atoke. Nilichora mbuzi, nikachora makarani, nikachora foleni. Baada ya matoleo matatu mhariri akaandika kwamba wasomaji wanalalamika, wanauliza zuzu yuko wapi. Mstari wa mwisho wa barua naukumbuka ulivyokaa kwenye karatasi. Alisema kama zuzu amekuchosha, ndugu, si kitu, ila tafuta mwingine wa kuchekwa.

Nikainua macho nitafute.

Sasa niseme alichokuwa anafanya baba mdogo. Bomba la mtaa lilikuwa chini, upande wa reli, na mama alikuwa akipandisha ndoo mbili kila asubuhi na nyonga yake ile. Baba, katika maisha yake yote, hakuwahi kubeba hata kikombe alichonywea kutoka mezani hadi jikoni. Wiki ya kwanza tu baba mdogo alimpokea mama ndoo njiani, akajitwika mwenyewe, na koti lake mwilini kwa sababu ya baridi ya Mbeya. Kuanzia siku hiyo maji yakawa yake. Alifua khanga za mama, akazianika. Jioni kabla ya chakula alipasha mafuta ya nazi kwenye kifuniko cha sufuria, akapiga goti, akamkanda mama nyonga, mlango wa uani ukiwa wazi, bila kuona aibu yoyote. Alimsimulia habari za ng'ombe wao wa utotoni. Na mama alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia mama akicheka kwa sauti. Kilikuwa kicheko kinene, cha msichana aliyeshiba, na mara ya kwanza nilitoka nje nikidhani tumepata mgeni.

Niliona wivu. Sina neno jingine zuri zaidi la kulificha hilo. Miaka kumi niliishi ndani ya vyumba vinne na hakuna aliyeweza kunitoa, na mfupi huyu kutoka shambani alimtoa mama kwenye taabu yake yote kwa ndoo moja.

Basi nikamchora. Mtu mfupi ndani ya koti kubwa, ndoo kichwani. Chumba cha kwanza anaagwa na mkewe mlangoni. Cha pili wanaume wanampisha wakidhani ni mama mjamzito. Cha tatu anainama kuteka, koti linalowa chini ya bomba. Cha nne mke amekaa kwenye kiti, yeye analikamua koti ndoo ijae.

Jumanne nikamwekea mezani. Alikaa, akatazama, akaanza kucheka. Alicheka machozi yakamtoka, akajifuta kwa ile mikono mirefu ya koti.

"Huyu bwana!" alisema. "Huyu bwana umemtoa wapi?"

Hakujijua. Mtu hajui anavyoonekana kwa nyuma. Akachovya kalamu, akachora ndege wake chini ya aibu yake mwenyewe, akamwita mama aje aone. Mama alikuja na mwiko mkononi. Alitazama chumba cha kwanza hadi cha nne, kisha akanitazama mimi. Mume wake alikuwa anacheka vizuri, na mama hakutaka kumkatia kicheko.

Barua ya Iringa ilikuja haraka kuliko zote. Mhariri alisema huyu wa koti anampita zuzu kwa mbali, ongeza moto. Nikaongeza. Nilimchora mtu wa koti akianika khanga na kujifunika nazo mvua ilipomshika. Nilimchora kwenye kikao cha wazee, wanamtafuta, naye yumo humohumo ndani ya koti. Mkono ulikuwa mwepesi ajabu. Na zuzu hakutajwa tena na mtu yeyote. Nilipita mtaani nikiwa msichana kama wengine, hakuna aliyeinua sketi, na siwezi kusema uongo, zile zilikuwa wiki tamu kuliko zote nilizowahi kuishi hadi hapo.

Baba mdogo walimwambia bombani. Alirudi ndoo imejaa nusu.

"Wanasema ni mimi," alisema, amesimama katikati ya chumba. "Ati mtu wa koti ni mimi. Vijana wananiamkia, 'Shikamoo, mtu wa koti.' Mpaka mzee wa kanisa amecheka."

"Na wewe si ulicheka?"

Alitua ndoo. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayemuuliza daktari, "Mwanangu, ni mimi?"

"Ni picha tu," nikamwambia.

Yalinitoka yenyewe, na sauti ilikuwa ya baba kabisa. Mama alikuwa jikoni. Nilisikia kifuniko kikianguka.

Alipanda basi akaenda Iringa mwenyewe, safari ya siku nzima, kumwomba mhariri amwondoe yule mtu. Aliporudi alitusimulia tukila, akijaribu kucheka. Mhariri alimkaribisha kwa heshima zote, akamwita ndugu mchoraji, akaagiza chai. Baba mdogo akasema anaomba mtu wa koti asionekane tena gazetini.

"Akanishangaa," alituambia. "Akasema, 'Si unamchora wewe mwenyewe? Mbona gazeti hili halikulazimishi? Usimchore.' Nimeketi pale na koti hili, ananitazama, ananitazama, halafu akaanza kucheka na yeye. Amepiga meza. Akasema, 'Kumbe unajichora mwenyewe! Ndugu, wewe una moyo!'"

Wafanyakazi wote wa uchapaji waliitwa waje wamsalimie. Walimpeleka hadi kituo cha basi.

Kusema ukweli hakuweza. Angesema si yeye anayechora, basi si yeye marehemu, basi ukoo ulimvika koti bure. Alimaliza ugali wake, akanawa, na kesho yake asubuhi hakushika ndoo. Alikaa ndani. Alimtazama mama akiinama, akijitwika, akishuka na kuchechemea kwake, naye amekalia mikono yake. Mafuta ya nazi yakaganda kwenye chupa. Usiku wala mchana nyumba ile haikusikia tena ng'ombe wa utotoni.

Siku ya tatu au ya nne mama alinifuata mezani. Alisimama kwa kuegemea ukuta kwa sababu ya maumivu.

"Mwache mume wangu," alisema.

Nilijifanya napima mistari.

"Wewe binti, nasema na wewe. Nilimwomba baba yako miaka yote ile akuache. Nilimwomba kwa ajili yako mpaka nikachoka mdomo. Leo naomba kwa ajili yangu. Nimepata mtu. Nimempata uzeeni, kwa kifo, sikumtafuta. Niachie."

Ningeweza. Hata leo najua kwamba ningeweza, na kwamba haikuwa kazi: mbuzi mmoja, foleni moja, na zuzu arudi kidogo kuwafurahisha watu. Lakini zuzu akirudi ni mimi ninayerudi. Yeye au mimi, ndivyo nilivyopiga hesabu, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na kijana mmoja mwalimu alikuwa ameanza kunisindikiza kutoka kanisani.

"Mama," nikasema, "ni picha tu."

Akatoka.

Na tazama nilivyokuwa. Kama ningekuwa nimeishia hapo ningeweza kujitetea. Jumatatu nilikaa nikachora kile ambacho nilikuwa sijathubutu: mtu wa koti amepiga goti, kifuniko cha sufuria pembeni, anamkanda mkewe nyonga. Nilichora na kuchechemea kwa mke, kwenye chumba cha kwanza, mguu mmoja ukiburuta. Chumba cha nne nilikijaza vichwa vya majirani dirishani. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na baba mwenyewe asingeifikia.

Jumanne baba mdogo alikaa mezani. Hakucheka. Aliweka kidole juu ya ule mguu unaoburuta, akakiacha pale. Nikamsogezea wino. Akaurudisha mahali pake.

"Huyu hapana," alisema. "Mimi, sawa. Huyu hapana."

Nikachukua kalamu, nikachora ndege mwenyewe. Alisimama vizuri kwa mguu mmoja, mwembamba, kama wa baba hasa. Nikaifunga bahasha, nikaipeleka kituoni.

Gazeti lilipofika, baba mdogo alilitazama mara moja tu. Akasimama, akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua, akalikunja na kuliweka kwenye kiti cha baba. Kwetu mrithi havui koti. Hakuna aliyewahi kusikia jambo hilo, hata shangazi alipoambiwa baadaye alikataa kuamini. Alichukua begi lake. Asubuhi ile barafu nyembamba ilikuwa imelala juu ya majani, naye alishuka kwenda kwenye basi la Nyololo na shati tu.

Mama alimsindikiza mpaka bombani, akarudi peke yake.

"Amenitaka twende wote," alisema, akiwa bado mlangoni. "Nimemkatalia. Nyololo na wenyewe wanasoma gazeti."

Sikujibu. Nilikuwa mezani. Alikwenda kwenye kiti, akalichukua lile koti, akalikung'uta vumbi pale nyuma kama alivyokuwa akimfanyia baba kabla ya kwenda kazini.

"Simama," aliniambia.

Nikasimama. Akanipitisha mkono mmoja, akanipitisha wa pili, akanifunga vifungo vyote hadi shingoni bila haraka. Mimi nimerithi umbo la baba. Mikono ya koti iliishia pale inapotakiwa kuishia. Mama akarudi nyuma hatua mbili, akapiga goti la upande mzima, na la upande wa nyonga mbovu akalilazimisha likafuata.

"Kamwene, baba," alisema.

Kisha akajiinua kwa kushika meza, akachukua ndoo, akateremka bombani. Bahasha ilitakiwa kuondoka kesho yake, na mbele yangu palikuwa na vyumba vinne vitupu. Kulikuwa na baridi. Nilichora nikiwa nimelivaa.